Chiti inakula nini?

R1, R2, L1, eksi, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu.

Kama umeusoma mstari huo na kidole gumba kikajichezea chenyewe, basi mimi na wewe tumekalia benchi moja. Kwa wengine: hiyo ni chiti, yaani mfuatano wa siri wa vitufe unaokupa upendeleo ndani ya gemu, na hii ni ya GTA San Andreas kwenye mashine ya PS2. Ukiibonyeza bila kukosea, CJ, mhusika unayemwendesha, anajaa afya, anavikwa fulana ya kuzuia risasi, na mfukoni zinaingia dola 250,000. Kwenye kompyuta unaandika tu HESOYAM, na hata gari lako lililokuwa linafuka moshi linapona hapo hapo. Gemu yenyewe ilitoka mwaka 2004. Leo kuna watoto wa sekondari ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo na wanaijua HESOYAM kuliko wanavyoijua namba ya simu ya mama yao.

Naandika kuhusu chiti kwenye gemu za mtu mmoja tu. Za mtandaoni sina mjadala nazo: anayeweka programu ya kumlengea shabaha akicheza na watu wengine anawaibia muda wao, na afungiwe. Ukiwa peke yako humwibii mtu. Kompyuta haiumii roho. Kwa hiyo swali linalobaki ni la utamu: chiti inaongeza raha au inaimaliza?

Mawaidha ya kawaida nayajua. "Usichiti, utajiharibia." Nimeyasikia kutoka kwa watu ambao nina hakika walikuwa na daftari la chiti chini ya godoro. Ninavyoona mimi, chiti inakula sehemu moja ya gemu na kuziacha nyingine zilivyo, na raha yako itategemea sehemu ile iliyoliwa ilikuwa inafanya kazi gani.

Nianzie kwenye banda la gemu, kwa sababu wengi wanaoandika juu ya jambo hili huwa wanamwazia mtoto aliyejifungia chumbani kwake na mashine yake na muda wake wote. Wengi wetu hatukuanza hivyo. Banda la mtaani kwetu lilikuwa na TV za chogo zilizopangwa juu ya meza za mbao, PS2 zilizovuliwa mifuniko eti zipate hewa, na pedi ambazo raba za analogi zilishachunika zikabaki vijiti vya plastiki vinavyochubua vidole. Mpira ulilipiwa kwa mechi. GTA ililipiwa kwa muda, jero kwa nusu saa. Memori kadi ilikuwa ya mwenye banda, ilikuwa imejaa mashindano ya mpira, na akihitaji nafasi alifuta alichotaka bila kumuuliza mtu.

Sasa fikiria maana yake. San Andreas ni hadithi ndefu, ya saa na saa. CJ anarudi Los Santos mwaka 1992 kumzika mama yake, polisi mla rushwa aitwaye Tenpenny anamnyang'anya pesa zote na kumtupa kwenye mtaa wa maadui, naye anapanda baiskeli kwenda Grove Street. Sisi tuliuona mwanzo huo kila siku. Tuliujua kwa moyo, tukaigiza hata sauti zake. Mwisho wa hadithi hiyo wengi wetu tuliuona ukubwani, kwenye kompyuta ya chuo, au hatukuuona kabisa. Kila aliyeshika pedi alianzia uwanja wa ndege, na nusu saa ilikuwa inakatika.

Ramani nayo ilikuwa imefungwa. Ukijaribu kuvuka daraja kutoka Los Santos kabla hadithi haijakuruhusu, unapewa nyota nne za polisi, alama za kusakwa, papo hapo. Mtunzi wa gemu alitaka uyastahili yale majangwa, milima, na mji wenye taa wa Las Venturas kwa kumaliza misheni moja baada ya nyingine. Hilo ni sawa kwa mtu aliyenunua diski. Mtoto wa jero alikuwa na dakika thelathini na kesho hana uhakika wa jero nyingine. Ugumu wa gemu yake ulikuwa mfukoni kabla hajashika pedi. Kwake chiti ilikuwa nauli, njia pekee ya kufika jangwani kabla mwenye banda hajamgusa bega.

Halafu kuna benchi. Diski iliandikwa kuwa gemu ya mtu mmoja, ila pale ilichezwa na watu kumi. Mmoja alishika pedi, tisa walikuwa nyuma wakitoa amri. "Toa kifaru!" "Panda juu ya jengo, jirushe!" "Wewe, polisi wa pikipiki huyo, mshushe!" Mwenye kuzikariri chiti alikuwa mtu wa heshima mtaani, hata kama kucheza mpira kwenyewe alikuwa bomu. Tulikuwa na kaka mmoja mwenye daftari la kava gumu lililojaa mishale, pembetatu, miraba na duara, na hakuliazimisha kwa mtu. Ukitaka chiti ya jeti ya kubeba mgongoni, unamlipia dakika kumi, anakubonyezea. Zilikuwepo na za uongo, bila shaka. Chiti ya kumfufua mama yake CJ. Chiti ya kumtoa Bigfoot msituni kule Mlima Chiliad. Nimewaona watu wazima wakiharibu nusu saa nzima wakimtafuta yule Bigfoot, ambaye watengenezaji hawakumweka kwenye gemu, na wakaondoka wakisema tatizo ni pedi.

Raha ya pale haikuwa ya kushinda. Ilikuwa ya maonyesho. Chiti haikutuharibia kitu, kwa sababu kile inachokula, yaani taabu ya kupanda ngazi kidogo kidogo, hatukuwa nacho tangu mwanzo.

Inafaa kujua pia kwamba chiti hazikuanza kama dhambi. Zilianza kama nyenzo za fundi. Mwaka 1986 Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami alikuwa anaihamishia gemu ya Gradius kwenye Famicom, mashine ya Nintendo, na ili kuijaribu ilibidi aweze kufika mbali. Gemu ikamshinda. Akajiwekea mfuatano wa vitufe: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Ukiubonyeza unapewa silaha karibu zote. Ukasahaulika ndani, gemu ikauzwa nao, wachezaji wakaugundua. Mwaka 1988 mfuatano huo huo ukawa maarufu zaidi kwenye gemu ya Contra ya NES, yaani Famicom kwa jina la nje ya Japani, ukitoa maisha 30 badala ya matatu. Hashimoto alifariki Februari 2020, na magazeti ya dunia yaliyomwandika yalimwandika kwa vile vitufe kumi. Kwa hiyo hata mtu aliyeitengeneza gemu kwa mikono yake aliona ni ngumu mno. Nikimsikia mtu mtandaoni anajisifu kwamba hajawahi kuchiti, huwa namkumbuka huyo mzee.

Contra wengi Afrika Mashariki tuliijua kwa kaseti za njano, kwenye zile mashine za kuiga Famicom zilizoletwa kutoka China, kaseti ikikuahidi gemu maelfu halafu zikiwa ni zilezile kumi na kitu zinazojirudia. Ni gemu katili. Risasi moja, umekufa. Ukiwa na maisha matatu unakufa kwenye maporomoko ya maji, unaanza upya, unakufa kwenye maporomoko, unaanza upya, na gemu unayoijua ni robo tu ya gemu. Ukiwa na 30 unafika mbele, unakufa huko, na kwa kufa huko unajifunza yule dude wa mwisho anarusha nini na saa ngapi. Bado unacheza. Bado unakwepa risasi zilezile kwa vidole vilevile. Chiti ile ilikula adhabu, ikauacha mchezo wenyewe mzima. Nikiulizwa chiti bora niliyowahi kuitumia, nitataja hiyo bila kufikiri.

Linganisha na ile ya Doom, gemu ya kupiga mashetani risasi ya mwaka 1993. Unaandika IDDQD, hufi tena. Mashetani wanakutemea moto, wewe unapita katikati yao kama mtu anayepita sokoni jioni wakati wachuuzi wanafunga. Mara ya kwanza unacheka. Baada ya muda mfupi unagundua kwamba hakuna tena sababu ya kukimbia, kujificha nyuma ya nguzo, kuhesabu risasi, wala kuogopa mlango. Na Doom ilikuwa imetengenezwa kwa vitu hivyohivyo: kukimbia, kuhesabu, kuogopa. Vyote vimeliwa kwa herufi tano.

Nilipoipata San Andreas kwenye kompyuta, yangu mwenyewe, na kusevu ninavyotaka, niliicheza kwanza kwa tabia ya bandani: HESOYAM kila dakika. Hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti ya chiti na chiti.

Pesa ndiyo iliyochoka mapema. Nusu ya kwanza ya hadithi ni ya mtu asiye na kitu. CJ ananunua nguo kwenye duka la bei chee, anagombania mtaa nyumba kwa nyumba, anatumwa kazi za hatari na watu asiowaamini kwa sababu hana namna. Ukimwekea milioni mbili mfukoni, maneno anayosema yanaanza kuwa ya uongo. Kwa nini milionea anamwendesha rafiki yake Ryder kwenda kuiba bunduki kwenye nyumba ya mzee mstaafu wa jeshi? Hadithi inaendelea, wewe umeshatoka ndani yake.

Chiti ya polisi wasikufuate kabisa ilinishangaza zaidi, maana ndiyo niliyokuwa nikiitamani kuliko zote. Niliiwasha nikidhani sasa mji ni wangu. Ikawa kinyume. Nyota zile ndizo zinazofanya mtaa uwe mtaa. Ukigonga gari na hakuna anayejali, ukifyatua risasi sokoni na king'ora hakisikiki, Los Santos inageuka picha ya ukutani. Polisi ndio waliokuwa wakinijibu. Bila wao nilikuwa naongea peke yangu.

Jeti ya mgongoni, kwa upande wake, haikunichosha kamwe. Nadhani ni kwa sababu haikuondoa kitu. Iliongeza. Ilinipa njia mpya ya kwenda na jicho jipya la kuitazama ramani. Bado unaweza kugonga mnara, bado unaweza kutua vibaya. Chiti za namna hii, zinazokuongezea mwanasesere mpya ndani ya kisanduku, nazitofautisha kabisa na zile zinazokuondolea kizuizi. Wenye Age of Empires II watanielewa: kuandika maneno ya kupata chakula cha bure kunaimaliza vita mapema na kwa ubaridi, ila kuleta lile gari la kisasa lenye bunduki katikati ya wapanda farasi wa karne za kati, kila mtu aliyekuwa chumbani alikuja kuangalia.

Kuna chiti nyingine za San Andreas zilizokuwa na ubaya wa kiufundi kabisa. Zile za kuwafanya wapita njia wawe wendawazimu, ukizisevu hazitoki, na wachezaji wengi walikuja kukwama kwenye misheni ya Madd Dogg: unatakiwa umwokoe mtu aliyesimama juu ya paa akitaka kujirusha, na yeye anajirusha kabla hujafika, kila mara. Hadithi yote inaishia hapo. Kama umekwama na hukujua sababu, ni hiyo.

Lakini kitu kinachonisadikisha kuliko vyote ni treni. Waulize watu wa rika langu wakutajie misheni moja ya San Andreas. Karibu wote watataja ile ya kuifukuza treni kwa pikipiki, Big Smoke amekaa nyuma na bunduki, na ukishindwa anakulaumu kwa ile sentensi ambayo imekuwa utani wa dunia nzima, kwamba tulichotakiwa ni kuifuata treni tu. Wachache watataja misheni ya Zero ya kurusha kindege cha rimoti kinachoishiwa mafuta. Wengine shule ya urubani. Unaona zinafanana wapi? Ni zile ambazo HESOYAM haikusaidia kitu. Pesa haiifukuzi treni. Afya haikijazi mafuta kindege cha Zero. Ilibidi ujue tu kwamba pikipiki isiwe karibu mno na behewa, Smoke apate pembe ya kulenga, na ukubali kurudia mpaka mikono ielewe. Misheni tulizozipita kwa kifaru hakuna anayezikumbuka. Sijawahi kusikia mtu akihadithia, "siku ile nilibonyeza chiti ya silaha, wakafa wote."

Mwanafalsafa Bernard Suits alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1978. Kucheza, kwa maelezo yake, ni kujitakia vizuizi visivyo vya lazima. Kama shida yako ni mpira wa gofu uingie shimoni, ubebe mkononi ukautumbukize. Hakuna anayefanya hivyo, kwa sababu mpira kuwa shimoni hakuna anayekuhitaji. Kinachohitajika ni ile fimbo ya ajabu na umbali ule wa kipuuzi.

Mfano wangu ni karata za kwenye Windows, zile ambazo kila ofisi ya umma na ya binafsi ilikuwa inazijua miaka ya XP. Kulikuwa na vitufe vitatu, Alt, Shift na 2 kwa pamoja, ukivibonyeza unashinda hapo hapo na karata zinaanza kudunda skrini nzima. Nilimwonyesha mama mmoja wa masjala, mcheza karata wa kudumu, aliyekuwa akicheza kila mchana akisubiri faili. Akaangalia karata zinadunda, akasema, "Zinapendeza." Kisha akafungua mchezo mpya, akaendelea kupanga kwa mkono, ya saba juu ya ya nane. Hakunihubiria. Hakukuwa na haja.

Sasa nije kwenye chiti isiyokuwa na vitufe vyovyote, ambayo naamini ndiyo inayotumika zaidi Afrika Mashariki, kwa sababu sisi ni watu wa mpira. Umefungwa fainali kwenye Football Manager, gemu ya kuwa kocha. Unaizima kompyuta kabla haijasevu, unarudi, unacheza tena mpaka ushinde. Au ligi ya Master League kwenye gemu ya mpira ya PES, dakika ya themanini unadaiwa mawili, unabonyeza kitufe cha nyuma cha PS2 kama umeme umekatika. Wanaofanya hivi hawajiiti wachitaji. Wanasema ile mechi "haikuwa ya haki."

Hii naiona mbaya kuliko HESOYAM, na naomba nisieleweke vibaya, sizungumzii dhambi. Nazungumzia kwamba Football Manager haina kitu kingine. Haina picha za kukuvutia, haina jeti, haina mji wa kutalii. Ina matokeo tu, na uzito wa matokeo hayo msimu baada ya msimu. Kocha aliyefukuzwa kazi, akachukua klabu ya daraja la tatu, akapanda nayo taratibu, akamnunua kipa aliyemwangusha miaka minne nyuma: hiyo ni hadithi na utaisimulia kwenye daladala kwa mtu usiyemjua. Kocha aliyeshinda kila fainali kwa sababu zile alizofungwa zilifutwa, atasimulia nini? Ana kabati la makombe na hana hata siku moja ya kukumbuka. Chiti ya kuzima mashine inakula kushindwa, na kwenye gemu ya namna ile kushindwa ndiko kunakoandika sura zote nzuri.

Mpwa wangu yeye hajui PS2 wala HESOYAM. Yeye ni mtoto wa simu, na chiti zake zinakuja zikiwa zimeshapikwa: faili la gemu lililochokonolewa, linaloitwa modi, limerushwa kwa Xender kutoka simu ya rafiki. Sarafu zisizoisha. Alinionyesha Subway Surfers yake, wahusika wote wamefunguliwa, mbao zote za kutelezea zimefunguliwa.

"Mjomba, ona, nina kila kitu."

"Sasa unakimbilia nini?"

Akafikiri. "Nakimbia tu."

Baada ya wiki hivi nikakuta ameifuta. Sikumuuliza, na yeye hakusema lolote. Alikuwa kwenye gemu nyingine ya mpira, nayo ya modi. Kwenye gemu ya kukimbia isiyo na mwisho, sarafu ndizo zilizokuwa zinatoa mwisho wa bandia: leo nikusanye za kofia, kesho za ubao. Zikiisha thamani, umebakiwa na reli. Ninachomkataza ni kupachika mafaili hayo kwenye simu yenye pesa za mama yake. Hujui aliyelichokonoa faili aliongeza nini kingine, na hilo ni suala la usalama wala si la gemu.

Hata hivyo siwezi kumlaumu sana, kwa sababu gemu anazochezea zimetengenezwa ziwe za polepole kwa makusudi. Hapa ndipo hasira yangu ilipo, kama ninayo. Zamani chiti zilikuwa bure, zimefichwa ndani kama zawadi. Kisha yakaja mambo mawili. Xbox 360 ikaleta alama za mafanikio mwaka 2005, PlayStation 3 ikafuata na vikombe vyake mwaka 2008, na ghafla ulichokifanya peke yako chumbani kikawa kinaonekana na marafiki zako wote. Chiti zikaonekana zinavuruga hesabu. Jambo la pili ni duka. GTA V ya mwaka 2013 ina chiti, ila ukiziwasha hupati vikombe, na ya pesa haimo kabisa. Pesa ziko GTA Online, unazinunua kwa kadi, kwa pesa zako halali. Mwaka 2018 Assassin's Creed Odyssey, gemu ya mtu mmoja kabisa, iliuza dukani kitu cha kumwongezea mhusika wako kasi ya kupanda viwango, tena kwa kudumu. Hiyo ni chiti. Tofauti yake na ya Hashimoto ni kwamba anayeiuza ana faida ikiwa gemu bila chiti hiyo itakuchosha. Fundi aliyejiwekea mlango wa nyuma ili afike kazini hakuwa na sababu ya kukuwekea matope mlango wa mbele.

Inachekesha ukikumbuka kwamba Nintendo waliwahi kwenda mahakamani Marekani kupinga Game Genie, kile kifaa ulichokuwa unakichomeka kwenye kaseti ili upate chiti. Wakashindwa mwaka 1991, na rufaa nayo ikatupwa mwaka 1992. Hoja iliyoshinda ilikuwa ya kawaida kabisa: mtu ameshalipia gemu yake, na nyumbani kwake aichezee anavyopenda.

Wapo walioitafuta njia nzuri zaidi. Celeste, gemu ya mwaka 2018 kuhusu dada anayepanda mlima, ni ngumu ya kutoa machozi, lakini ndani yake kuna sehemu ya msaada ambayo unaweza kupunguza kasi ya gemu nzima, kujipa nguvu za kung'ang'ania ukuta zisizoisha, au hata kutokufa kabisa. Hakuna anayekutukana kwa kuiwasha. Kwa mtu ambaye mikono yake haifanyi kazi sawasawa, au macho yake yanachelewa, hiyo ndiyo nauli yake. Utasema gemu ngumu ilipunguzwa ugumu. Kwa mchezaji mwenye vidole vyenye maumivu, kasi ya asilimia sabini inaweza kuwa ngumu sawa na mia yako.

Hades ya mwaka 2020 ndiyo niliyoivulia kofia. Unacheza kijana anayejaribu kutoroka kuzimu kwa baba yake. Ukiwasha kile wanachokiita God Mode, hupewi uungu. Unapewa ngozi ngumu kidogo, mapigo yanapungua kwa asilimia 20, na kila ukifa inaongezeka asilimia 2, mpaka ikome kwenye 80. Yaani gemu inakusubiri. Unaendelea kufa, unaendelea kujifunza, na siku utakayotoka hujui ni wewe uliyepanda au ni ngazi iliyoshuka, na ukweli ni kwamba ni vyote viwili.

Mimi sasa ni mtu wa kazi na familia. Nacheza usiku watoto wakilala, na siku nyingine nimekaa kwenye kiti cha gemu nikasinzia na pedi mkononi. Dakika thelathini zimerudi, safari hii hakuna anayenidai jero. Kwa hiyo nachiti, na sijifichi. Gemu za hadithi naziweka rahisi, na mahali ninapolazimishwa kukusanya magome mia moja ya mti ili nitengeneze upinde, natafuta chiti ya magome bila kusita. Mpira na Football Manager sigusi kitu. Gemu kubwa za mji wazi namaliza hadithi kwanza kwa mikono mitupu, kisha nafungua kila kitu na kuharibu mji mpaka nitosheke.

Rafiki yangu mmoja aliyemaliza Sekiro, gemu inayosifika kwa ugumu, bila msaada wa mtu ananicheka kwa hili. Anasema Hades yangu haihesabiki. Nimemwambia aje aishike pedi yangu, aiache God Mode ilivyo, anionyeshe inavyokuwa rahisi. Alikuja Jumamosi, akafa kwa adui mkubwa wa kwanza, yule dada mwenye mjeledi, akasema pedi yangu ina tatizo.